Mdogo Wangu Ameshinda Uingereza, Nami Sitapiga Vigelegele

Jumapili, mwezi wa tano. Kensington, Johannesburg.

Jua lipo leo, ila ni la kutazama tu. Baridi kavu ya Joburg imeingia, ile inayopasua midomo na visigino, na ninaandika haya jikoni nimevaa soksi juu ya soksi. Nina hasira. Bora niseme mapema, nisije nikajifanya mpole huko katikati.

Mdogo wangu Justin ameshinda uchaguzi. Sasa ni diwani huko Uingereza, kwenye mji mdogo ambao sikuwahi kuusikia kabla hajahamia. Tangu Ijumaa simu yangu haijapoa. Kila Mkongomani anayenijua ananipongeza, hata wale ambao hatujasalimiana nao tangu harusi ya mwisho.

Sitaki pongezi.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni msusi, nina saluni ndogo kwenye barabara kuu hapa Kensington. Kwetu ni Uvira, Kongo. Mama yetu alipofariki, Justin alikuwa hajaanza shule. Ni mimi niliyemvalisha, nikamlisha, nikamkamua kamasi. Ananiita Yaya. Kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, lakini miaka mingi neno hilo mdomoni mwake lilikuwa na maana ya mama.

Tulifika nchi hii wawili, tukapanga chumba cha mabati kule Alexandra. Ule mwaka watu walipoanza kuwatoa wageni majumbani, tulikimbia na blanketi moja na sufuria. Tukaishi kwenye hema nyuma ya kituo cha polisi, pamoja na Wazimbabwe, Wamalawi na watu wa Msumbiji, tukisubiri kuambiwa ni salama kurudi. Justin alikuwa ndiyo kwanza ameota ndevu. Nakumbuka aliniuliza, "Yaya, tumewafanya nini?"

Miaka ikapita. Akamwoa binti wa kanisani kwetu aliyekuwa na uraia wa Uingereza, akamfuata. Huko amefanya kazi za usiku kwenye nyumba za wazee, akasoma, akafanya mtihani wa uraia, akawa dereva wa basi. Ana watoto wawili, Grace na Eli. Sijawahi kuwashika. Nawajua kwa sauti tu, na kwa vichwa vyao vinavyopita haraka mbele ya kamera.

Aliponiambia mwanzoni mwa mwaka kwamba anagombea udiwani, nilifurahi hadi nikamwambia kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu. Mtoto wa hemani! Niliwaza, sasa kuna mtu mmoja kwenye baraza moja la mji duniani anayejua maana ya kufukuzwa.

Halafu akanitumia video.

Kwenye video amesimama mbele ya duka lililofungwa, amevaa koti zuri, anaongea kile Kiingereza cha huko kinachoteleza. Nilikamata maneno machache tu. Nikampa simu binti yangu Neema anieleze. Neema amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Alisikiliza, akarudia kusikiliza, halafu akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuweka kitu kizito.

"Mama, anasema mji umejaa. Anasema wageni wanachukua nyumba na nafasi hospitalini. Wenyeji wapewe kwanza."

Nilicheka. Nilidhani amesikia vibaya. Nikachukua simu nikaisikiliza mwenyewe polepole, na kweli, hilo neno la kwamba pamejaa nalijua vizuri kwa Kiingereza. Nimeambiwa kwenye kliniki. Nimeambiwa shuleni nilipompeleka Neema kuandikishwa.

Chama chake sitakitaja hapa. Kinajitaja chenyewe vya kutosha.

Nilimpigia. Akasema, Yaya, hayo ni maneno ya siasa, chama ndicho kinachoyaandika, mimi ninachotaka ni mabasi yarudi mtaani na taka zizolewe. Sikubishana naye. Nilijiambia hatashinda, kwa hiyo hakuna haja ya ugomvi. Niandike ukweli hapa, maana sina mwingine wa kumwambia: niliomba ashindwe. Nilipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu mdogo wangu ashindwe.

Huko wanapiga kura Alhamisi na kuhesabu hadi kesho yake. Ijumaa mchana Neema alifungua ukurasa wa baraza la mji wao akiwa chuoni, akanipigia nikiwa na mteja chini ya draya.

"Mama, amepita."

Amemshinda wa pili kwa watu wachache kiasi kwamba wote wangeingia kwenye basi lake na nafasi ingebaki.

Na mwili wangu haukuniuliza ruhusa. Nilirusha mikono juu ikiwa na mafuta ya nywele hadi kwenye viwiko. Jina la baba yetu, aliyekufa bila kuvuka Ziwa Tanganyika, liko kwenye ukurasa wa serikali ya Wazungu! Nilifurahi. Sitalifuta hilo neno. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi, halafu nikakumbuka ameshindaje, nikashusha mikono.

Jioni Justin mwenyewe akapiga, analia kwa furaha. Nyuma yake watoto wanapiga kelele. Akaniambia mwezi wa saba chama kinawafanyia sherehe madiwani wapya. Ataniandikia mwaliko wa viza na kunikatia tiketi. "Utavaa kitenge, Yaya. Utakaa na Grace na Eli meza ya mbele."

Halafu, kama mtu anayeomba chumvi, akasema anataka nimrekodie video fupi. Niseme kwamba mimi mwenyewe ni mgeni kwenye nchi ya watu, na naelewa kwamba kila nchi lazima iangalie watu wake kwanza. "Ikitoka kwako wataisikiliza zaidi kuliko ikitoka kwangu," alisema.

Ningekataa pale pale. Lakini Eli alikuwa ameshika simu, ameweka jicho lake lote kwenye kamera, anacheka. Nikasema nitafikiria.

Nililala nikifikiria kwa kweli. Nilijiuliza ni nini kingeniuma. Maneno machache, kitambaa kizuri kichwani, na baada ya hapo nawakumbatia watoto wa mdogo wangu.

Kisha ikaja jana.

Jana asubuhi nilikuwa namsuka Thandeka. Anaishi mtaa wa juu, anafanya kazi ya kufua kwenye hospitali moja, na kila baada ya majuma kadhaa anakuja kwangu. Ananiita "sisi", ambalo kwa Kizulu ni dada. Nami hulisikia kwa Kiswahili pia, na hupenda linavyosikika. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imekamilika, misuko myembamba, safi. Nusu ya pili ilikuwa imesimama wima.

Tukasikia nyimbo. Zilikuwa zinatoka chini kule kwenye robot, zile taa za barabarani. Ni kundi lile linalozunguka na fulana za namna moja, duka hadi duka, likiwaambia wageni wafunge na waondoke. Mhabeshi jirani yangu alishusha shata, lile pazia la chuma la duka lake, kwa kishindo. Fundi viatu wa Kimalawi aliingiza kiti chake ndani na akaingia nacho. Nikachukua funguo za geti.

"Unakwenda wapi?" Thandeka akauliza.

"Kufunga. Wanakuja."

"Na kichwa changu?"

"Thandeka, hawa hawaji kusukwa."

Aliniangalia kwenye kioo. "Nisikilize, sisi. Kijana wangu amemaliza shule, hana kazi, amekaa nyumbani anatazama dari. Siku nyingine nawasikia hawa watu nakubali nusu ya wanayosema. Sikufichi. Lakini sitoki hapa na nusu kichwa. Suka."

Nikarudisha funguo mfukoni. Nikasuka.

Walifika. Mlango ulikuwa wazi. Mmoja mwenye kipaza sauti alisimama kizingitini, kijana, meno mazuri, sura ya mtu ambaye siku nyingine ungemwomba akusaidie kubeba mzigo. Akaniambia nimwonyeshe karatasi zangu.

"Wewe ni polisi?" nikamuuliza.

Akasema kwa Kiingereza, ili wote walioko nje wasikie, kwamba nchi imejaa. Kwamba tunachukua nafasi hospitalini, tunachukua nyumba. Kwamba wenyeji kwanza.

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele za Thandeka. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo, karibu kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtoto niliyemkamua kamasi. Nilimtazama yule kijana nikawaza, huyu naye bila shaka ana dada mahali, anajivunia.

Thandeka hata kugeuka hakugeuka. Alimjibu kupitia kioo, kwa Kizulu cha haraka ambacho nilikishika nusu. Alimwambia aende kwanza akamuulize mama yake anasukwa na nani. Wenzake nyuma wakacheka. Kijana hakupenda. Alipotoka, mtu akapiga dirisha langu kwa fimbo. Kioo kilipasuka kutoka kona hadi kona lakini hakikuanguka. Wakaendelea na wimbo wao kupanda barabara.

Nilimaliza kile kichwa. Kilichukua muda, maana misuko mingine ilibidi niifumue nianze upya. Thandeka hakulalamika. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akajishika nywele, akasema, "Eish. Nilikuambia nakubali nusu. Sasa hata sijui ni nusu gani."

Nilimwandikia Justin hapo hapo, nikiwa bado nafagia. Video hakuna.

Nilimpigia pia Mchungaji wetu, maana alikuwa ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwamba Jumapili kutakuwa na shukrani maalumu kwa ajili ya ushindi. Nikamsihi aiache. Akaniambia, "Mama Neema, usimnyime Mungu utukufu wake. Mtoto wetu ameinuliwa." Nilimweleza chama ni kipi na kinasema nini. Akasema siasa ni siasa, baraka ni baraka.

Leo asubuhi basi. Tunasali kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, kwaya nzuri kuliko spika zake. Baada ya matangazo Mchungaji akasema dada wa mheshimiwa apite mbele. Vigelegele. Watu wakasimama. Neema aliinuka pamoja nami bila kuambiwa, akanishika kiwiko tukaenda wote.

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga kusema asante na kukaa. Kweli nilikuwa nimepanga hivyo.

Lakini nikawaangalia. Mstari wa tatu nilimwona yule mama anayeuza nyanya kwenye kona, ambaye jana meza yake ilipigwa teke na nyanya zikatapakaa barabarani zikakanyagwa na magari. Alikuwa amesimama ananipigia makofi. Ananipigia mimi makofi, kwa ajili ya Justin!

Nikasema: "Mdogo wangu yuko hai na ana afya, kwa hilo namshukuru Mungu. Kwa ushindi wake sishukuru. Ameupata kwa kuwaambia watu kwamba wageni wamezidi. Wageni ni mimi. Ni ninyi. Jana mmeambiwa maneno hayo hayo milangoni kwenu, na wengine mmefunga mkakaa gizani hadi wapite. Siwezi kuyakimbia maneno Jumamosi halafu Jumapili niyapigie vigelegele kwa sababu yametoka kwa ndugu yangu."

Feni ya ukutani iligeuka kuniangalia, ikageuka tena.

Mchungaji alichukua kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole wa hali ya juu, akasema tumwombee dada yetu. Na wakaniombea, kama wanavyoombea wagonjwa, mikono imenyooshwa kuelekea kwangu. Nilifumbua macho wakati wote. Baada ya ibada wengine walinipita mbali. Nilisikia neno wivu nyuma yangu, halikunong'onwa vizuri. Yule mama wa nyanya alikuja akanishika mkono kwa nguvu, akaondoka.

Nje, mbele ya watu, Neema akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika ambacho huona aibu kukitumia, "Mama, umesema vizuri." Hapo ndipo nilipolia. Kanisani sikulia.

Kabla hatujafika nyumbani mtu aliyenirekodi nikiongea kanisani alikuwa ameshamtumia Justin video. Akapiga.

"Yaya, umeniaibisha."

"Ulitaka niseme mbele ya watu. Nimesema."

"Huelewi mambo ya huku. Mimi siwasemi watu kama sisi. Mimi niliingia mlangoni, nikiwa na karatasi. Nimelipa, nimefanya mtihani. Nawasema hao wanaokuja na mashua bila ruhusa ya mtu yeyote."

"Justin, pale mpakani Limpopo sisi tulipita wapi?"

"Yaya, hayo ni ya zamani."

"Tulipita chini ya waya. Mimi niliuinua, wewe ukatambaa. Shati lako likanasa ukaanza kulia, nikakuziba mdomo kwa mkono wangu ili askari wasisikie. Nani alikuwa na ruhusa siku ile?"

"Nilikuwa mtoto!"

"Na kwenye hizo mashua hakuna watoto?"

Akaanza kunieleza, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. Kwamba miaka mingi alikuwa kwenye chama kingine, wakimpa mabango abebe na viti apange, na kila uchaguzi wakimwambia asubiri zamu yake. Kwamba hawa walimwita, wakamkalisha, wakamwambia gombea. "Wao ndio waliniona, Yaya."

Hilo lilinigusa. Sitadanganya humu, lilinigusa. Najua ilivyo kupitwa na macho ya watu miaka na miaka kama mlingoti wa umeme. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia nafurahi wamemwona. Lakini walimwona kwa sababu ana sura ya kuwasaidia kusema jambo ambalo wakilisema wao linanuka.

Akasema, "Basi usije mwezi wa saba." Akakata.

Nimekaa na simu mapajani sijui kwa muda gani. Chai imetengeneza ngozi juu. Nilifikiria jicho la Eli. Nikajiuliza kama nimempoteza mdogo wangu kwa ajili ya hotuba ambayo nusu ya kanisa wanaiona ni kijicho cha mwanamke. Na nikijiuliza kwa makini, nikitafuta kama kuna mahali ninajuta, napata huzuni nyingi. Majuto siyapati.

Ndipo ujumbe ukaingia. Mstari mmoja: "Grace anauliza kama shangazi bado anakuja."

Sijui kama kweli ni Grace aliyeuliza. Nilijibu: "Mwambie shangazi anakuja. Si mwezi wa saba, ni nikishapata viza na tiketi kwa jasho langu. Nitalala kwenu, nitamsuka, nitampikia sombe. Kwenye ukumbi wa chama chako sitaingia, na picha na mimi hutapiga. Lakini mlango wako nitaugonga, na utanifungulia, kwa sababu mimi ni Yaya wako."

Ameusoma. Hajajibu. Na anyamaze kwanza, mimi sina haraka.

Neema ameingia sasa hivi na simu yake, ameona tangazo. Diwani wa kata yetu, huyu wa hapa hapa Joburg, ameitisha mkutano wa wakazi Jumatano kwenye maktaba, kuhusu mambo ya jana. Haikuandikwa wageni waje, wala haikuandikwa wasije. Neema ananiuliza nitakwenda kufanya nini wakati hakuna diwani anayehitaji kura yangu, maana sina.

Ni kweli. Hapa sina kura, na Uingereza sina, na Uvira sijui kama jina langu bado liko popote.

Mdomo ninao. Jumatano nafunga saluni mapema, nakwenda nao.